Altezza ya 1999: nimefunga koilova, sasa gari inakamata kona vibaya kuliko ilivyokuwa na shokapu za zamani. Kosa liko wapi?

#1 Nahodha wa Goba
Wakuu, salaam.

Nina Altezza RS200 ya 1999, injini 3S-GE, gia sita za mkono. Tangu mwaka jana naipeleka kwenye siku zetu za koni. Tunachanga hela watu kama kumi na tano, tunakodi yadi ya makontena upande wa Kigamboni, tunapanga koni, kila mmoja anazunguka peke yake na saa inapigwa. Hugombanii kona na mtu, unashindana na saa.

Kwa shokapu zake za zamani gari ilikuwa inalala kwenye kona kama ngalawa, lakini mzunguko wangu bora ulikuwa sekunde 58.2. Kila niliyemuuliza aliniambia dawa ni koilova, yaani shokapu na springi yake kwa pamoja, za kurekebisha urefu. Nimejinyima miezi saba nikaagiza seti (chapa siitaji, sitaki uzi ugeuke vita ya chapa). Springi ni kilo 10 mbele na kilo 8 nyuma (kwa kila milimita ya kubanwa), na gari nimeishusha vidole vitatu. Imefungwa mchana mmoja gereji, Jumamosi nikaenda kukimbiza.

Matokeo ni 60.4. Nimerudia mara nane, sijashuka chini ya 60. Nikiingia kona pua inagoma kugeuka, inakwenda mbele tu. Nikivumilia nikaja kukanyaga mafuta wakati wa kutoka, mkia unachomoka ghafla bila kutoa taarifa. Njiani kurudi nyumbani kila rasta ya barabarani naisikia mpaka kwenye meno.

Naipenda hii gari na sina mpango wa kuiuza. Springi ni ngumu mno, au kuna kitu sikioni?

#2 Mwana Tegeta
Tairi gani, na za mwaka gani? Maelezo yote hayo na hujataja tairi hata mara moja.

#3 Fundi Gerezani
Pole mkuu. Kilo 10 ni za lami ya kioo, sio za huku kwetu. Impreza yangu GC8 niliikuta na kilo 8 mbele, kwenye kona ilikuwa inarukaruka kama mbuzi. Nikatafuta kilo 5 mbele na kilo 4 nyuma, ikatulia, mpaka leo naikimbiza nayo. Springi za koilova zinauzwa peke yake. Pima kipenyo cha ndani, nyingi ni kati ya milimita 60 na 65, ununue laini. Usihangaike na kingine.

#4 Injinia Makame
Fundi, heshima yako, lakini hapo umelinganisha embe na nanasi. GC8 ni ya stradi (shokapu yenyewe ndiyo inashikilia gurudumu) mbele na nyuma, springi inakaa karibu kabisa na gurudumu. Altezza ina amu mbili (mikono inayoshikilia gurudumu), ya juu na ya chini, pembe zote nne. Springi yake inakalia amu ya chini, katikati ya njia.

Chukua mfano. Tuseme springi iko asilimia 70 ya njia kutoka kwenye bushi (mipira ya maungio) za ndani kwenda kwenye gurudumu. Gurudumu likipanda milimita 10, springi inabanwa milimita 7 tu, na nguvu yake nayo inapungua kwa kiasi hichohicho kabla ya kufika kwenye tairi. Kwa hiyo unazidisha 0.7 mara 0.7, unapata 0.49. Kilo 10 zake zinafika kwenye tairi kama kilo 4.9 kwa milimita. Kilo 5 za Impreza yako zinafika karibu zote. Ukizilinganisha barabarani, nyinyi wawili mna springi moja!

Twende mbele kidogo. Kilo 4.9 kwa milimita, kwenye pembe inayobeba kilo kama 330 za bodi, inakupa mtikisiko wa mara 1.9 hivi kwa sekunde. Gari ya kawaida ya familia iko kati ya 1 na 1.5. Gari ya barabarani inayoingia kwenye mashindano inakaa jirani na 2. Kwa hesabu hii springi zake haziko mbali. Akinunua za kilo 5 atarudi kwenye ngalawa.

#5 Fundi Gerezani
Hesabu nimeielewa injinia, na nakubali nimemlinganishia vibaya. Ila gari kugonga kwenye rasta sio hesabu, ni kitu anakisikia. Kuna kinachogonga. Kama sio springi basi mtaje.

#6 Binti Upanga
Kinachogonga ni mpira wa kwenye fimbo ya shokapu. Nimepitia haya kwa Roadster yangu ya 1992, dalili ni hizihizi moja kwa moja.

Nahodha, hizo koilova zako urefu unabadilishwa wapi? Kuna aina mbili. Moja unazungusha sahani inayokalia springi. Nyingine unazungusha kikombe cha chini na shokapu yenyewe inabaki na urefu wake. Kama ni ile ya kwanza na umeshusha vidole vitatu, umekula nafasi ya fimbo kushuka. Gari ikilala kidogo tu fimbo inafika kwenye mpira, na ikifika pale springi yako sio kilo 10 tena, ni kama ukuta. Ikitokea mbele, tairi ya nje inaelemewa ghafla na pua inakwenda mbele. Ikitokea nyuma wakati unakanyaga mafuta, mkia unachomoka bila taarifa. Si ndivyo ulivyoandika?

Fanya hivi, haina gharama. Chukua kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu, isukume ikae juu ya mwili wa shokapu. Zunguka mara mbili, kisha pima imesukumwa mpaka wapi. Ukiikuta imebanwa kwenye mpira, umepata jibu.

#7 Jicho la Kimara
Kaka umemaliza kabisa. Nahodha fuata hilo.

#8 Binti Upanga
Dada, sio kaka. Jina liko hapo juu.

#9 Jicho la Kimara
Samahani sana dada. Nimesoma haraka.

#10 Mzee wa Spana
Nimesoma wote mnavyoongea springi. Mimi nina swali moja kwa kijana: bolti za amu zilikazwa gari ikiwa wapi? Juu ya jeki au chini kwenye magurudumu?

Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, amu ikipanda na kushuka mpira unajinyonga. Ukikaza bolti magurudumu yananing'inia, mpira unaona pale ndipo nyumbani. Ukishusha gari chini umeshaunyonga kabla hata hujaondoka. Unakuwa springi ya ziada ambayo hukuinunua, na unachanika ndani ya miezi. Wewe umeshusha gari vidole vitatu. Kama hakuna aliyelegeza bolti zote na kuzikaza upya gari ikiwa chini, bushi zako ziko kwenye kunyongwa saa hizi, usiku na mchana.

Halafu gari ni ya 1999. Kama bushi ni za kiwandani, mpira huo una umri wa kijana aliyemaliza chuo. Umekula joto la Dar, chumvi ya bahari na mafuriko ya Jangwani. Ukikanyaga breki amu inarudi nyuma, gurudumu linageuka lenyewe, na wewe unasema gari imegoma kona. Weka bushi kwanza, mambo ya kilo tuongee baadaye.

#11 Nahodha wa Goba
Asanteni sana, sikutegemea majibu ya uzito huu. Najibu kwa pamoja.

Mwana Tegeta: tairi ni 215/45 R17, nilizikuta kwenye gari, kashata (mikato ya tairi) bado ipo ya kutosha. Mwaka sijaangalia.
Binti Upanga: ni ile ya kuzungusha sahani ya springi. Kamba nitafunga.
Mzee wangu wa Spana: nimempigia fundi, anasema amekaza juu ya jeki. Alaimenti (kupanga mielekeo ya magurudumu) sikufanya, nilitaka kwanza springi zikae.

#12 Mwana Tegeta
Kashata sio umri! Angalia ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1714 maana yake wiki ya 17 ya mwaka 2014. Mpira wa tairi unakauka hata kama gari imelala chini ya mwembe. Huku mjini watu wananunua tairi za mtumba kwa kuangalia kashata, wanafika nyumbani na plastiki.

Na huwezi kukimbiza wiki hiyohiyo uliyofunga koilova bila alaimenti. Gari yenye amu mbili ukiishusha, kemba (gurudumu kulala ndani au nje kwa juu) inabadilika na too (gurudumu kuelekea ndani au nje kwa mbele) inabadilika. Too ya nyuma ikifunguka nje, gurudumu la nyuma linataka kwenda njia yake. Hapo mkia lazima uchomoke.

#13 Nahodha wa Goba
Nimetoka nje na tochi. Mbele 3316 zote mbili. Nyuma moja 0815, nyingine 4112.

#14 Mwana Tegeta
Tairi za nyuma mbili za umri tofauti, moja ya 2012, kwenye gari inayosukuma kwa nyuma. Uzi ufungwe.

#15 Injinia Makame
Uzi usifungwe. Tairi hizohizo ndizo zilizompa 58.2 na shokapu za zamani. Tairi mbovu inaeleza kwa nini hapati 56. Haielezi kwa nini amepoteza sekunde mbili siku aliyobadilisha springi.

#16 Mwana Tegeta
Inaeleza, injinia. Gari laini inaisamehe tairi ngumu kwa sababu uzito unahama polepole. Weka springi ngumu, uzito unahama kwa kishindo, tairi iliyokauka haina cha kushikia. Ndiyo maana anasema “ghafla”.

#17 Msafiri wa Vumbi
Naongea kama mtu wa rali, miaka kumi na moja nimekuwa navigeta (msoma njia wa dereva) na msaidizi wa mafundi. Sisi tunafanya kinyume chenu. Gari ya rali ya vumbi inainuliwa, inapewa springi ya wastani na safari ndefu ya fimbo, na gurudumu haliachi ardhi. Tairi iliyo hewani haigeuzi gari.

Yadi za makontena zina viungo vya zege, mabonde ya matairi ya malori na kokoto. Sio sakiti. Kwa sehemu kama hiyo Altezza haitakiwi kushuka hata kidole kimoja. Kuna kitu kingine watu hawakiangalii. Ukishusha gari, amu za chini zinalala kinyume, upande wa gurudumu unakuwa juu. Kile kitovu ambacho bodi inakizunguka inapolala kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka. Mwisho unakuta gari iko chini lakini inataka kulala zaidi, na springi ngumu inaficha tu.

#18 Injinia Makame
Hilo la kitovu ni kweli zaidi kwa stradi. Kwenye amu mbili inategemea pembe za amu zote, ya juu na ya chini, kwa hiyo usiseme kwa ujumla. Ila la yadi nakuunga mkono.

#19 Chuma cha Mbagala
Kuna kitu kinanifurahisha. “Altezza” kwa Kitaliano ni kimo, urefu wa kwenda juu. Na uzi wote ni wa kuishusha. Nahodha, gari inadai jina lake.

#20 Jicho la Kimara
Na jina lingine ni ile heshima wanayopewa wana wa mfalme, “mtukufu”. Ile gari ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka Japani ya 1998–1999, nje ikauzwa kama Lexus IS 200. Mhandisi mkuu wake alikuwa Nobuaki Katayama. Mimi nina AS200 ya silinda sita, injini 1G-FE, haina haraka ya 3S lakini inavyotembea barabara ya Bagamoyo usiku, moyo unatulia. Kiwanda kilijua kinachofanya kwenye zile amu.

#21 Chuma cha Mbagala
Ndiyo maana nikasema. Waliiweka kwenye kimo kile kwa sababu.

#22 Mtanzania wa Midrand
Salaam kutoka Afrika Kusini. Naishi jirani na sakiti ya Kyalami, nimezunguka pale na gari yangu mara kadhaa. Ni kilomita 4.522, kuna kona ndefu ambazo gari inalala, inatulia, na springi ndiyo inabeba. Koni zenu ni kitu tofauti kabisa. Unatoka kushoto kwenda kulia ndani ya sekunde moja, gari haipati nafasi ya kutulia hata mara moja. Hapo anayeamua ni shokapu, sio springi.

Nahodha, zile bonyezo za kurekebisha ugumu wa shokapu umeziweka wapi?

#23 Nahodha wa Goba
Gereji walizifunga zote mpaka mwisho wa ngumu. Niliambiwa kwa mashindano ndivyo inavyotakiwa.

#24 Mtanzania wa Midrand
Basi zirudishe. Shokapu iliyofungwa mpaka mwisho haiachii springi irudi. Ukipita viungo vya zege mfululizo, kila kimoja kinaivuta gari chini kidogo na hairudi juu, mwisho unakalia ile mipira aliyoitaja dada. Anza na katikati kabisa, zunguka, kisha badilisha bonyezo mbilimbili. Andika kila kitu kwenye daftari.

#25 Mzee wa Spana
Na wote mmesahau breki. Kijana, mafuta ya breki umebadilisha lini? DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Na Dar hii hewa yenyewe ni maji. Pedali ikizama kona ya mwisho, hutakumbuka kilo za springi.

#26 Nahodha wa Goba
Nimeyasikia Mzee, nimenunua DOT 4 mpya leo, Jumatano yanabadilishwa.

#27 Nahodha wa Goba
Wakuu, nimerudi na vipimo.

Kamba za plastiki: mbele zote mbili zimebanwa kwenye mpira, moja imekatika kabisa. Nyuma imebaki nafasi ya milimita 12.
Alaimenti kabla ya kugusa chochote: nyuma kushoto too imefunguka nje milimita 4, kulia iko sawa.
Bushi za mbele za amu ya chini zimepasuka, unaona mwanga.

Nilichofanya: nimeinua mbele milimita 25 na nyuma 15. Bolti zote zimelegezwa na kukazwa gari ikiwa chini, Mzee alikuwepo kwenye simu. Alaimenti imefanyika. Bonyezo ziko katikati. Bushi zimeagizwa, hazijafika. Tairi ni zilezile, upepo nimeanza na PSI 30 tairi zikiwa baridi badala ya 36.

Jumamosi: 58.6, 58.3, 58.4. Pua inaingia. Mkia bado unatoka lakini sasa unaniambia kwanza.

#28 Binti Upanga
Hongera! Mipira ile. Nilisema.

#29 Mzee wa Spana
Mipira gani, binti yangu? Bolti zimekazwa upya ndiyo maana amu zinatembea. Bushi mpya zikiingia mtaona.

#30 Mwana Tegeta
Too ya milimita 4, jamani. Na amepunguza upepo. Hayo mawili ni ya tairi.

#31 Injinia Makame
Nahodha, nakupongeza kwa moyo, lakini umebadilisha vitu vitano siku moja. Sasa kila mtu atachukua chake na hakuna atakayejua. Naomba, na ni ombi la kweli, Jumamosi ijayo badilisha kimoja tu. Rudisha upepo 36, acha vingine vyote. Pia bado uko nyuma ya 58.2 ya shokapu za zamani. Springi za kilo 10 bado hazijakulipa hata senti.

#32 Fundi Gerezani
Hapo injinia kwenye sentensi ya mwisho unanirudishia hoja yangu ya bandiko la tatu.

#33 Injinia Makame
Sikurudishii, fundi. Nasema bado hatujui.

#34 Nahodha wa Goba
Kuna kitu sikukiandika kwa sababu nilitaka kwanza kukielewa. Mwisho wa siku nilimpa Binti Upanga gari azunguke mara mbili. Alipata 57.9 na 57.4.

#35 Chuma cha Mbagala
Dada!

#36 Binti Upanga
Nilikuwa sitaki kusema. Nahodha unageuza usukani kwa nguvu halafu unasubiri gari ifuate. Mimi nilikuwa nashikilia breki kidogo mpaka ndani ya kona, uzito ukae mbele, ndipo nageuza. Gari yenye springi ngumu inataka hivyo, ile laini ya zamani ilikuwa inakufanyia yenyewe. Sio kosa, ni mkono wa gari nyingine.

#37 Mwana Tegeta
Dada amezunguka mwisho wa siku, tairi zilishapata moto. Tairi iliyokauka ikipata moto ndiyo inashika kidogo. Nahodha, ulipima upepo baada ya mizunguko yake?

#38 Nahodha wa Goba
Nilipima. Mbele 35 na 35. Nyuma kulia 34, nyuma kushoto 39. Zote nne zilianza na 30.

#39 Mzee wa Spana
Nyuma kushoto 39? Hilo si ndilo gurudumu lililokuwa na too nje? Kijana, kesho asubuhi kabla hujawasha gari, piga jeki upande huo, shika tairi juu na chini, itikise. Halafu shika kushoto na kulia, itikise tena. Sikiliza vizuri, uje useme.

#40 Msafiri wa Vumbi
Na uzungushe kwa mkono usikie kama breki inashika. Joto la ziada linatoka mahali.

#41 Nahodha wa Goba
Sawa wazee. Saa kumi na mbili na nusu niko chini ya gari.